Elfu 30 ya Kuendesha Baiskeli

Konda ameniita mara tatu. "Mzee, siti hiyo hapo, kaa!" Nimemjibu nashuka hapo mbele. Anajua naongopa, maana tumetoka Tegeta sote na hakuna anayeamka saa 11 alfajiri kupanda gari la Makumbusho ili ashukie hapo mbele. Siti iko wazi, ya dirishani, Jumatatu asubuhi, na mtu mzima mwenye akili zake kasimama kaning'inia bombani. Abiria wananitazama kama nina deni na hiyo siti. Nikae na nini sasa? Cha kukalia nilikiacha jana Barabara ya Bagamoyo.

Jana mtaa wetu ulikuwa na msafara wa hisani wa baiskeli, kuchangia vitanda na mashuka ya wodi ya wazazi pale zahanati. Jambo jema, sina ubishi. Wanangu wawili wamezaliwa pale, shuka tulikwenda nalo wenyewe, na mengine tuliyokwenda nayo mnayajua. Kiingilio elfu 30: unapata fulana, maji na ndizi moja. Fulana yangu ilikuwa ya mtoto wa darasa la nne, kwa hiyo kitovu changu kimepigwa picha nyingi kuliko mgeni rasmi.

Naye mgeni rasmi, saa 12 kamili ya kwenye tangazo ilimkuta saa 2 na nusu. Akatueleza kwamba tarehe 3 Juni ni Siku ya Baiskeli Duniani, Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 2018, kwa hiyo tule mboga za majani. Akapanda baiskeli, akapigwa picha, akashuka, akaingia kwenye gari lenye kiyoyozi.

Baiskeli yangu niliazima kwa jirani. Mtumba wa Japani, rangi ya waridi, kikapu mbele, kiti cha mtoto nyuma. Nikajiambia heshima ya mtu haiko kwenye baiskeli. Kufika Boko dereva wa bodaboda akanipigia honi: "Mzee, toa toroli lako!" Yaani bodaboda! Hilo jina lenyewe lilianza na baiskeli kule Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, walipokuwa wakivusha watu boda hadi boda. Nilitaka kumweleza, ila pumzi ya historia sikuwa nayo.

Kwenda mpaka Kerege nilifika, namshukuru Mungu. Kurudi ndiko kwenye maneno. Pale daraja la Mto Mpiji, ukitoka Pwani unaingia Dar, asubuhi niliteremka nikipunga mkono kama mbunge. Mchana ule ule mteremko ulikuwa umegeuka kilima. Nikashuka, nikaanza kukokota. Nyuma nikasikia kitu kinakuja kwi-kwi-kwi. Kijana wa mkaa. Phoenix nyeusi, magunia matatu ya lumbesa, mawili ubavuni na moja juu, yamefungwa kwa mipira ya tyubu, na kijiti kimefungwa kwenye usukani ili aweze kuisukuma akiwa kando. Miguuni katambuga. Soli ya mguu wa kulia imelika katikati kama mbalamwezi, maana breki ya ile baiskeli ni hiyo katambuga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Ilinitoka kwa shida. Ananipita huku anaamkia!

"Mbona mko wengi leo, kuna msiba?"

Nikamwambia ni hisani, tunaendesha baiskeli.

"Mnalipwa bei gani?"

"Tunalipa sisi. Elfu 30."

Akasimama. Akachomeka gongo chini ya karia, magunia yakatulia, akajifuta jasho kwa kiganja, uso ukabaki na mistari. "Subiri mzee. Wewe unatoa elfu 30, halafu unaendesha baiskeli?"

"Ndiyo."

"Hukuambiwa uchague kimojawapo?"

Nikamweleza habari ya wodi. Akatikisa kichwa, akasema mke wake naye alijifungulia sehemu kama hiyo, Mungu awalipe. Halafu akarudi pale pale: "Sasa mashuka wananunua kwa ile hela au kwa hili jasho?" Kwa ile hela. "Basi jasho la nini?" Nikaona nimlete Umoja wa Mataifa, labda ataogopa. Nikamwambia baiskeli ina siku yake kabisa, duniani kote, tarehe 3 Juni.

Akafikiri. "Siku hiyo inapumzika?"

Ndugu zangu, nilisoma mpaka kidato cha sita. Sikuwa na jibu.

Wakaja wenzake wawili na mikaa yao. Akawaita: "Oyaa, njooni muone, huyu mzee kalipa!" Nikazungukwa, nikakaguliwa kama ng'ombe wa mnadani. Mmoja akaniambia kwa upole kabisa kwamba mwakani nimtumie yeye ile hela, ataniendeshea kila siku, Jumapili mara mbili, na picha atapiga. Mwingine akakiona kiti cha mtoto. "Hiki kinakwenda kitupu mpaka Tegeta?" Kabla sijajibu, mfuko wa mkaa wa ndoo moja ulishakaa pale, umefungwa mkanda wa usalama, vizuri kuliko nilivyowahi kumfunga mwanangu. Nikalipa. Nilijitetea kwamba gesi iliisha Alhamisi, na bei ya mtungi siitaji hapa, kuna watu wana presha.

Nimefika Tegeta saa 8 mchana, mkono umejaa masizi, na huo mkono ndio niliokuwa nikijifutia uso tangu Mpiji. Mgeni rasmi amerudi jukwaani, anazungumzia nishati safi ya kupikia: ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Mshereheshaji akaniona nasukuma kuelekea kwenye utepe. "Muuza mkaa, tafadhali pisha washiriki!" Kwenye kipaza sauti! Nikavuta fulana wasome maandishi, ikapanda kifuani. Ndizi zilishaisha. Mama watoto ndiye pekee aliyefurahi, na hakunifurahia mimi. Aliubinyabinya mfuko akasema, "Huu wa mti mgumu huu, umeupata wapi?"

Sasa Katibu katuma ujumbe asubuhi hii: awamu ya pili ni Tegeta hadi Bagamoyo mjini, kiingilio elfu 50. Sitaki hata kuujibu. Tumefika Africana, mama mmoja kapanda na tenga la kuku watatu, konda kaniuliza kwa mara ya mwisho, nikatikisa kichwa. Kuku wamekaa. Mmoja anatoa shingo nje anapunga upepo, na hapa foleni haijaanza bado.