Gari yangu ilikuwa na stika ya kijani

Wadau, huu ni mwaka wangu wa kumi na tatu Stuttgart, nyumbani ni Dar, na kila nikirudi likizo lazima nikutane na ile kauli kwamba huko kwenu Ulaya mambo ya gari hayana longolongo. Juzi shemeji kanipigia anataka nimtafutie dizeli, anasema ikishatembea kwa wazungu ujue imepimwa kila kitu. Nikamwambia shem ngoja kwanza nikusimulie yaliyonikuta mimi.

Gari yangu ya kwanza huku ilikuwa dizeli, Euro 5 (hicho ni kiwango cha Ulaya cha moshi, namba ikipanda masharti yanakaza), iliyotumika, kampuni siitaji. Niliipenda kwa mambo mawili, inakula mafuta kidogo halafu kwenye kioo cha mbele kulikuwa na stika ya kijani yenye namba 4, bila hiyo stika katikati ya mji huingii. Mi nikajua kuna mtu alichomeka kifaa kwenye ekzosi akapima ndio akaibandika. Kumbe stika inatolewa kwa kusoma kadi ya gari tu, imeandikwa Euro ngapi, basi. Hata ule ukaguzi wa kila miaka miwili wanaangalia moshi lakini zile oksidi za naitrojeni, gesi za ekzosi ambazo ndio kiini cha ile kashfa ya dizeli na ndio zinazoumiza mapafu ya watoto na wenye pumu, hawazipimi.

Na ndio maana wakubwa wa magari waliweza kudanganya miaka yote ile. Waliofanya mambo yajulikane walikuwa watafiti wachache wa chuo kikuu cha West Virginia kule Marekani, wakafunga mitambo ya kupimia kwenye gari zenyewe na kuziendesha barabarani kama mtu wa kawaida anavyoendesha, Jetta moja ya Volkswagen ikakutwa inatoa oksidi za naitrojeni mara 15 mpaka 35 ya kiwango kinachoruhusiwa wakati maabara inapita vizuri kabisa. Tarehe 18 Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ikaitaja Volkswagen hadharani, siku chache baadaye mkurugenzi mkuu Martin Winterkorn akaachia ngazi. Gari kama milioni 11 duniani zilikuwa na programu ya kompyuta ya kudanganya vipimo. Ilikuwa inaangalia vitu kama usukani hauzungushwi, mwendo unafuata ratiba ya jaribio, ikishajua iko maabara inasafisha moshi kwa nguvu zote, ukitoka barabarani inalegeza. Kuna watu wamesoma, wana mishahara mizuri, walikaa ofisini wakaandika kitu kile wakijua kinafanya nini, hilo mpaka leo linaniuma.

Sasa angalia dereva alivyofanywa. Wa Marekani ilikubaliwa kampuni inunue gari yake tena na juu yake alipwe fidia, kwa zile injini za lita 2.0 ilikuwa kama dola 5,100 mpaka 10,000. Sisi wa Ulaya tuliletewa barua. Yangu ilisema peleka gari ikabadilishwe programu, usipopeleka inaweza kuzuiwa kutembea. Nikaenda, nikakaa kwenye kiti cha plastiki na kahawa, fundi akachomeka waya pale chini ya usukani, laptop ikahesabu asilimia mpaka mia, nusu saa haikufika akanirudishia funguo na karatasi ya kusaini. Miezi michache baadaye niko barabara kuu, taa ya cheki injini ikawaka, gari ikakosa nguvu, nikasogea pembeni malori yananipita. Vali ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, imejaa masizi meusi mazito kama lami. Nikauliza kama ni ile programu, wakasema haihusiani, nikalipa mwenyewe.

Halafu ikaja kwenye miji. Februari 2018 mahakama ya Leipzig ikasema miji inaruhusiwa kufungia dizeli, Stuttgart ikaanza 2019 na Euro 4 kushuka chini, 2020 ikafika zamu ya Euro 5 kwenye baadhi ya maeneo. Yaani gari niliyouziwa kama safi ikawa haiingii mtaa niliokuwa napita kwenda kazini, na stika yake ya kijani iko palepale kioo hakijaguswa! Bei yake ikaporomoka.

Sisemi huku hakuna haki, ipo ila inatembea kwa magongo. Sheria ya watu wengi kushtaki kwa pamoja ilianza Novemba 2018, miaka mitatu baada ya kashfa. Mei 2020 mahakama kuu ya shirikisho ikasema Volkswagen wawarudishie wateja hela lakini wakate za kilomita mtu alizotembea, na wale waliojiunga kwenye kesi ya pamoja walipata kati ya euro 1,350 na 6,257. Kampuni yenyewe imemwaga zaidi ya euro bilioni 30 kwa faini na fidia na gharama nyingine, na mpaka Mei 2025 ndio mahakama ya Braunschweig ikawahukumu mameneja wanne wa zamani, wawili kifungo jela. Miaka karibu kumi. Mi nilikuwa nimeshauza.

Na niliuzaje? Huku gari ikizeeka kidogo, asubuhi unakuta vikadi vimechomekwa kwenye mpira wa dirisha la dereva, tunanunua gari, hata mbovu, hata bila ukaguzi. Nilikuwa navitupa, siku moja nikapiga. Jamaa akaja, akazunguka gari, akahesabu noti kwenye boneti, nikamwambia kabisa hii ina matatizo ya moshi, akacheka akasema inaenda Afrika, kule hakuna stika. Nilipokea hela, lakini ile kauli sijaisahau.

Najua mtaniambia sisi tunaendesha kushoto, gari za Ujerumani hazitufai, tunatumia Mjapani. Sawa, ila Hino, watengeneza malori wa Japani, 2022 walikiri kuchezea takwimu za moshi za injini zao, mambo yaliyoanza angalau 2003. Januari 2024 ikatoka kwamba kampuni inayowatengenezea Toyota injini za dizeli ilitumia programu tofauti wakati wa kupima nguvu za injini ili matokeo yaonekane mazuri, na kati ya gari zilizoguswa kuna Hilux, Hiace na Land Cruiser. Hizo si ndio zinazobeba nchi yetu?

Nyumbani mi nimesimamishwa na trafiki mara nyingi, anaangalia leseni, tairi, stika ya nenda kwa usalama, sijawahi kuona mtu ameshika kifaa nyuma ya ekzosi. Na sisi wenyewe tunamalizia, mwaka juzi nilisimama gereji na grenda inalia, fundi anakata masega, yaani kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi, ya pikapu nzima kabisa ili ipumue, anachomelea bomba tupu, mwenye gari kafurahi, na pembeni mama ana meza ya maandazi, moshi wote unamwendea yeye na mtoto mgongoni.

Vyuo tunavyo na wahandisi tunao, wakifunga vipimo kwenye daladala tatu na malori mawili waendeshe Dar mpaka Chalinze, tutajua wenyewe tunavuta nini badala ya kusubiri Mmarekani atuambie. Shemeji nimemwambia achukue petroli, na masega yake fundi asiyaguse.