Sehemu kumi, si kumi na moja

Chukua Saiga moja, bunduki iliyotengenezwa Izhevsk nchini Urusi, jinsi ilivyokuwa ikiuzwa Marekani kabla ya 2014. Ndani ni Kalashnikov tupu: mtambo uleule wa gesi, risasi zilezile. Nje imevishwa mavazi ya mwindaji. Kitako chake ni cha kawaida, hakina mshikio wa bastola. Kifyatulio kimesogezwa nyuma, mbali na mahali pake pa asili. Magazini yake ni fupi. Mwenye nayo akiilaza mezani, akarudisha kifyatulio mbele, akaziba matundu yaliyobaki tumboni mwake na kufunga mshikio wa bastola, huenda ameshatenda kosa la jinai. Nasema huenda, kwa sababu inabidi kwanza ahesabu.

Kanuni za serikali ya shirikisho zina orodha ya sehemu 20 za bunduki: mtutu, pistoni, kifyatulio, nyundo, kitako, mshikio na nyinginezo. Ukiunda bunduki ya aina hiyo, sehemu zilizotoka nchi za nje zisizidi 10. Zikifika 11, umevunja sheria. Basi mwenye Saiga anang'oa pistoni ya Kirusi na kuweka iliyochongwa Marekani, anabadilisha nyundo, anabadilisha kitako, huku kalamu na karatasi viko pembeni. Magazini peke yake inahesabiwa kuwa sehemu tatu: ganda lake, kile kibati kinachosukuma risasi juu, na kifuniko cha chini. Ndiyo maana wenye kushika hesabu kwa makini hukataa kuchomeka magazini ya kigeni katika bunduki waliyokwisha kuihalalisha. Kibati kimoja tu, na hesabu nzima inaharibika.

Wapenzi wa bunduki wa Marekani wakikutana, kanuni hii hutajwa kwa kicheko kwanza, kisha kwa hasira. Nawaelewa. Ila kicheko hicho huwafanya wapite haraka juu ya hoja za upande wa pili, ambazo si za kupuuzwa kama wanavyopenda kuamini.

Mambo yalianzia kwenye bunduki ya bei rahisi. Machi 1963, Lee Harvey Oswald aliagiza kwa posta, kwa jina la uongo, Carcano ya Kiitaliano kutoka duka la Klein's la Chicago. Bunduki pamoja na darubini yake ilimgharimu dola 19.95, ukiacha gharama ya posta. Ilikuwa moja ya maelfu kwa maelfu ya silaha zilizobaki kwenye maghala ya majeshi ya Ulaya baada ya vita, zikauzwa Marekani kwa bei ya kutupa. Novemba mwaka huohuo Rais Kennedy akauawa nayo Dallas.

Seneta Thomas Dodd tayari alikuwa na muswada wa kudhibiti bastola zinazouzwa kwa posta. Baada ya Dallas akaongeza na bunduki za mtutu mrefu. Muswada ukakwama miaka. Kilichouchomoa ni vifo viwili vya 1968: Martin Luther King mwezi Aprili na Robert Kennedy mwezi Juni. Oktoba mwaka huo Rais Johnson alitia saini sheria ya kudhibiti bunduki, ambayo ilikomesha biashara ya posta kwa mtu wa kawaida na kuweka masharti mapya kwa silaha zinazotoka nje.

Hapo ndipo wapinzani wa sheria hunyoosha kidole. King aliuawa kwa Remington, Robert Kennedy kwa bastola ya Iver Johnson. Zote mbili ni za Marekani, za viwanda vya Marekani. Sheria iliyosukumwa na vifo hivyo ikafunga mlango wa silaha za nje. Na Dodd alikuwa seneta wa Connecticut, jimbo la Colt, Winchester na Mossberg, viwanda vilivyokuwa vikipunguziwa soko na zile Carcano za dola 20. Sitaki kudai kwamba seneta aliandika sheria kwa mkono wa wenye viwanda. Dhamira ya mtu ni vigumu kuipima, na hofu yake kuhusu silaha za posta ilianza kabla ya Dallas. Lakini huhitaji kujua dhamira ili uone nani alifaidika.

Moyo wa sheria ile ni neno moja: michezo. Bunduki ya kigeni inaruhusiwa kuingia ikiwa inatambulika kwa ujumla kuwa inafaa hasa kwa michezo, au inaweza kugeuzwa kwa urahisi itumike hivyo. Silaha zilizobaki za kijeshi zilizuiwa, hadi 1984 Bunge lilipofungua dirisha kwa zile za kihistoria. Sheria haikueleza michezo ni nini. Kazi hiyo ilibaki kwa maofisa, na kwa miaka 20 hivi walilitumia neno hilo kwa ulegevu. Kalashnikov za kujikoki za Kichina zilipita forodhani bila taabu.

Januari 17, 1989, mtu mmoja aliingia kwenye uwanja wa shule ya msingi huko Stockton, California, akiwa na Type 56, Kalashnikov ya Kichina. Aliua watoto watano, wengi wa wanafunzi wa pale wakiwa wa familia za wakimbizi kutoka Kambodia na Vietnam, na kujeruhi makumi. Miezi michache baadaye serikali ya George H. W. Bush, ambaye mwenyewe alikuwa mwanachama wa kudumu wa NRA, chama kikuu cha wenye bunduki, ilizuia uingizaji, na Julai ikatangaza aina 43 za bunduki kuwa hazina kazi ya kimichezo. Vigezo vilikuwa umbo la kijeshi: magazini ya kuchomoka, kitako cha kukunja, mshikio wa bastola, mahali pa kufunga singe, kizuia mwako mdomoni mwa mtutu. Na michezo? Maofisa walisema ni uwindaji na mashindano rasmi ya shabaha. Kutungua makopo shambani siku ya Jumapili hakukuhesabiwa, ijapokuwa huo ndio mchezo wa wenye bunduki wengi.

Waagizaji walijibu kwa msumeno. Kampuni ya Norinco ya China ikaleta MAK-90, Kalashnikov ambayo kitako chake kilikuwa kimetobolewa tundu la kupitisha kidole gumba, ili mshikio usiitwe tena mshikio. Bunge lilikuwa limeshaona hila za namna hiyo zikija, na 1990 likapiga marufuku kuunda, kwa sehemu za nje, bunduki ambayo isingeruhusiwa kuingia ikiwa nzima. Kanuni ya sehemu 10 imetoka hapo. Mwaka 1998 serikali ya Clinton ikaziba tundu jingine: aina 58 zikakataliwa kwa sababu zinapokea magazini kubwa za kijeshi. Ndiyo maana Saiga zilizokuja baadaye zilikuwa na magazini zake zenyewe, zisizoingiliana na za Kalashnikov ya kawaida. Kila kiraka kilizaa mbinu, na kila mbinu ikazaa kiraka.

Sasa upande wa watetezi. Hoja yao ya kwanza ni kwamba mpakani ni mahali pazuri pa kufanyia kazi. Shehena inafika na karatasi. Bila kibali cha Fomu 6 kutoka ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, haishuki. Kila bunduki hupigwa chapa ya jina na mji wa mwagizaji, hivyo ikiokotwa kwenye tukio la uhalifu kuna mtu wa kuulizwa. Hoja ya pili ni bei, na hii naiona ina nguvu kuliko wapinzani wanavyokubali. Bunduki ya dola 20 haiui zaidi ya ile ya dola 500, ila inafika kwenye mikono mingi zaidi, tena haraka. Majeshi ya dunia yanapobadilisha silaha, milima ya chuma hutafuta soko, na nchi yenye wanunuzi wengi isipoweka lango itakuwa jalala la vita vya wengine. Mwaka 1963 lango halikuwapo.

Ya tatu ni siasa za nje. Mei 1994 Clinton alipoendelea kuipa China nafuu ya biashara, alifunga silaha na risasi zake nje. Julai 2014, baada ya Urusi kuitwaa Crimea, kampuni ya Kalashnikov iliwekewa vikwazo, na 2017 Molot, watengenezaji wa bunduki ya Vepr, wakafuata. Mwaka 2021 ikawa zamu ya risasi za Urusi, kwa sababu ya kulishwa sumu kwa Navalny, mpinzani wa Putin. Wapenzi wa bunduki wakalalamika kwamba wanaadhibiwa kwa makosa ya Kremlin. Kweli, waliumia mifukoni. Lakini pesa zilizokuwa zikienda Izhevsk zilikuwa zikienda kwenye kiwanda kinachovisha jeshi silaha, na sioni kwa nini bidhaa hiyo moja ilindwe kuliko nyingine zinazoguswa na vikwazo. Kwenye hili siwaungi mkono walalamikaji.

Kwa wakusanyaji wa silaha za kale nina huruma zaidi. Mosin-Nagant ya 1943, bunduki ya jeshi la Kisovieti, iliyopita mikono mingapi haijulikani, yenye kitako kilichochubuka na namba zilizogongwa kwa nyundo vitani, inafika Marekani na kuchongwa jina la kampuni mpya kwenye mtutu. Wengine huchonga ndogo, chini ya mdomo wa mtutu. Wengine huchonga kama bango la barabarani. Na hapo tunazungumzia bunduki ya kukoki kwa mkono, ya risasi tano. Wakati mmoja ziliuzwa chini ya dola 100 na mtu akarudi nyumbani na historia begani. Sheria inazitambua kama silaha za kihistoria zikifika miaka 50, na nadhani hiyo ni sehemu yenye busara zaidi ya mfumo mzima.

Mfumo huo unajikanyaga wazi kwenye M1 Garand, bunduki ya askari wa Marekani katika Vita Kuu ya Pili. Maelfu zilikopeshwa au kupewa Korea Kusini. Agosti 2013 serikali ya Obama ilitangaza kwamba maombi ya kurudisha silaha za kijeshi zilizopelekwa nje yatakataliwa, isipokuwa kwa wachache kama makumbusho. Wakati huohuo Civilian Marksmanship Program, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996, iliendelea kuwauzia raia Garand zilezile kutoka maghala ya nyumbani. Chuma kimoja, umri mmoja, tofauti ni kwamba mojawapo ilivuka bahari mara mbili. Hakuna aliyenieleza tofauti hiyo inamkinga nani.

Wapinzani wana hoja ya katiba pia. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu ilisema haki ya kumiliki silaha iliyo katika Marekebisho ya Pili ya katiba kiini chake ni kujilinda. 2022, katika Bruen, ikataka sheria za bunduki zipimwe kwa maandishi ya katiba na historia ya nchi. Kama haki ni ya kujilinda, wanauliza, kwa nini bunduki ya nje ipimwe kwa michezo? Swali zuri. Ila hukumu ya Heller yenyewe ilisema masharti juu ya biashara ya silaha yanadhaniwa kuwa halali, na uagizaji ni biashara kama kuna biashara yoyote. Anayenukuu ukurasa mmoja wa hukumu anapaswa kufungua na unaofuata.

Kwangu, lango na kipimo ni vitu viwili, na pande zote mbili zinavichanganya. Lango lina kazi: vibali, chapa, vikwazo, kuzuia mafuriko ya silaha za bei ya kutupa. Kipimo cha michezo hakina, kwa sababu hakigusi bunduki iliyotengenezwa ndani. Mwenye AR-15 ya kiwanda cha nyumbani hakimhusu kabisa, na ndiyo bunduki ya kujikoki yenye umbo la kijeshi iliyoenea kuliko zote nchini. Anayeamini kwamba mshikio wa bastola na magazini kubwa ni hatari aende Bungeni akatafute kura za sheria inayogusa zote, kama ilivyofanyika 1994 hadi ilipoisha muda wake 2004. Ni kazi ngumu, najua. Kupitia forodhani ni rahisi, rais anaweza kuifanya peke yake, na pengine ndiyo sababu imedumu. Lakini pistoni iliyochongwa Marekani haipunguzi mwendo wa risasi hata kidogo.

Kilichobadilika kwa hakika ni anwani za viwanda. Kampuni ya FN ya Ubelgiji inatengeneza bunduki Columbia, South Carolina. Na tangu vikwazo vya 2014 vifunge njia ya Izhevsk, Pompano Beach, Florida, kuna kampuni iitwayo Kalashnikov USA inayotengeneza bunduki kwa muundo uleule, ikiwa na mshikio wa bastola, kifyatulio kikiwa mahali pake pa asili, na magazini ya risasi 30. Anayeinunua hana haja ya kalamu wala karatasi.