Kura yangu ya Baltimore haikuhitajika

Jumanne ya Novemba 5, 2024, nilitoka zamu ya usiku nikaenda moja kwa moja kituoni kupiga kura hapa Baltimore, jimbo la Maryland, Marekani, usingizi umejaa machoni. Nikataja jina, anwani na tarehe ya kuzaliwa. Basi. Hakuna aliyeniomba kitambulisho, wala kidole changu hakikusomwa na mtambo wala kutiwa wino. Nikapewa karatasi ndefu na kalamu nyeusi, nikajaza viduara, nikaipeleka mwenyewe kwenye mashine, ikaimeza. Nilikuwa sijatimiza mwaka tangu niape kuwa raia wa Marekani. Nilimpigia Kamala Harris wa chama cha Democratic, na sioni haja ya kuficha.

Kura ile haikubadilisha kitu. Huku rais huchaguliwa kwa kura 538 za wajumbe waliogawiwa majimbo, na anayefikisha 270 ndiye mshindi. Maryland ina wajumbe 10, na karibu kila jimbo humpa anayeongoza wajumbe wote, hata akiongoza kwa kura moja. Harris alipita hapa kwa zaidi ya asilimia 60. Mwenzangu wa kazini, ambaye tunasaidiana kuwageuza wagonjwa vitandani usiku kucha, alimpigia Donald Trump wa Republican. Watu zaidi ya milioni moja wa Maryland walifanya kama yeye, wasimpatie mtu wao mjumbe hata mmoja. Yangu ilikuwa ziada, yake ikapotea.

Binti wa ami yangu anaishi York, Pennsylvania, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka kwangu. Nilimtembelea Oktoba nikakuta meza ya jikoni haionekani kwa vikaratasi vya kampeni, na tukiwa tunakula pilau hodi ilipigwa mara mbili, vijana wa chama hiki kisha wa chama kile. Pennsylvania ina wajumbe 19 na huweza kuangukia upande wowote, kwa hiyo kura yake ilibembelezwa. Kwangu Baltimore hakuna aliyekuja kuniuliza habari za urais. Kelele tulizozisikia zilikuwa za kiti cha seneti, Angela Alsobrooks na Larry Hogan. Mimi na dada yangu yule tuliondoka Kilifi, Kenya, kwa viza za bahati nasibu ileile, tunalipa kodi kwa serikali ileile ya Washington, na uzito wetu debeni si mmoja. Hili linaniuma, na sijapata Mmarekani aliyenieleza nikaridhika.

Mwaka 2016 Hillary Clinton alipata karibu kura milioni tatu kumzidi Trump, na bado Trump akaapishwa. Mwaka 2000 Al Gore alimshinda George W. Bush kwa kura zaidi ya nusu milioni nchi nzima, akakosa urais kwa sababu ya pengo la kura 537 katika jimbo la Florida. Mwaka 2024 Trump aliongoza kote kuwili, kwa kura za wananchi na za wajumbe, kwa hiyo watu wamenyamaza. Lakini ugonjwa haujapona kwa sababu tu safari hii haukuuma.

Sasa ndugu zangu wa nyumbani, mnaposema Kenya tuige Marekani, tazameni Katiba yetu ya 2010. Rais wetu lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, yaani 24 kwenda juu. Kura ya Kilifi na ya Nyeri zinaingia jumla moja, na mgombea analazimika kuomba hata kwenye ngome ya mpinzani wake. Waliotuandikia kifungu hicho walikuwa wameona damu ya 2007 na 2008, watu zaidi ya elfu moja wamekufa. Kwangu mimi kifungu hicho ni bora kuliko hiki cha wajumbe.

Mwaka 2017 nilikuwa wakala katika darasa la shule ya msingi kijijini kwetu. Usiku wa manane, msimamizi wa kituo anakunjua karatasi moja moja, anasoma jina, anatugeuzia sote tuone, mpaka ya mwisho. Tukatia sahihi Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, nakala ikabandikwa mlangoni, nami nikaipiga picha kwa simu. Mahakama ya Juu ilipofuta matokeo ya urais Septemba 1, lawama kubwa ilikuwa juu ya namna matokeo yalivyosafirishwa na kujumlishwa. Mwaka 2022 fomu za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi, kila mwenye simu akajumlisha mwenyewe. Mama aliponiuliza mwenyekiti wa tume ya huku ni nani, sikuwa na jina la kumpa. Hakuna tume moja inayotangaza rais. Kila jimbo huhesabu lake, na alfajiri ya Novemba 6 mshindi tulimsikia kwa vyombo vya habari.

Kwa vyama, hapo Marekani wametuzidi. Chama cha Republican kipo tangu 1854, chetu huzaliwa kabla ya uchaguzi na kuzikwa baada yake. Hata hivyo mengine yalinikumbusha nyumbani. Mei 2024 nilipiga kura ya mchujo ya Democratic, nikamchagua Joe Biden. Julai 21 akajiondoa, na kabla Agosti haijafika katikati Harris alikuwa mgombea kwa kura za wajumbe wa chama. Sisi wapiga kura wa mchujo hatukuulizwa tena. Kwetu hiyo huitwa tikiti ya moja kwa moja, na hulalamikiwa mpaka barabarani. Nilimpenda Harris, lakini nilistahili kuulizwa.

Agosti 2027 Kenya inakwenda debeni. Mwaka 2022 Wakenya wa huku waliruhusiwa kumpigia rais kura kwa mara ya kwanza, Washington ikiwa moja ya vituo. Kikifunguliwa tena nitaomba likizo ya siku mbili, ya kupiga kura na ya kukesha, hadi nione Fomu 34A ikibandikwa mlangoni.