Majedwali ya Mfumo Hayaumi

Mtu akiniletea faili la Microsoft Access (programu ya hifadhidata) alilorithi kwa mtangulizi wake, fomu zake siziangalii kwanza. Naanza kwa kuyafunua majedwali ya mfumo, yale ambayo Access yenyewe hutunzia taarifa za faili. Nabofya kitufe cha kulia cha kipanya kwenye kichwa cha kidirisha cha kushoto, naingia kwenye machaguo yake, natia tiki penye vitu vilivyofichwa na penye vitu vya mfumo. Hapo hapo yanajitokeza, rangi imefifia, majina yakianza na MSys.

Wapo wanaoshikilia kwamba yaachwe yalivyo, mtumiaji asije akaharibu kitu. Kwa anayeingiza data tu, sawa. Ila anayekabidhiwa hifadhidata aitunze atafanyaje kazi kama mwenye nyumba asiyejua mabomba yamepita wapi?

Chukua MSysObjects. Kila kitu kilichomo kwenye faili kina mstari wake humo, na aina yake huandikwa kwa namba: jedwali la kawaida ni 1, hoja (query, yaani swali linaloulizwa hifadhidata) ni 5, jedwali lililounganishwa kutoka faili jingine la Access ni 6, fomu ni -32768 (namba ya kustaajabisha, lakini utaizoea). Kwa majedwali ya aina 6, safu iitwayo Database inataja njia ya faili la asili. Siku moja folda ilihamishwa bila mimi kuambiwa, viungo vyote vikakatika. Safu hiyo ndiyo iliyonionyesha kila jedwali lilikuwa likitoka wapi.

Humo pia utakuta majina yanayoanza na ~sq_. Nimeona watu wakiyadhania virusi. Kumbe ni SQL (maagizo ya kuchota data) za fomu na ripoti zako mwenyewe, Access imezihifadhi.

Kinachoniudhi ni wanaoliita jedwali lao kwa jina linaloanza na USys ili nalo lijifiche, kisha wanaweka nywila ndani. Hilo ni pazia tu, halina kufuli. Hata bila kutia tiki yoyote, hoja ya SELECT Name FROM MSysObjects itayataja majedwali yote, na hilo la nywila likiwamo.

Kuhusu hofu ya kuharibu: MSysObjects yenyewe haikubali kuandikwa kwa mkono. Majedwali ya MSysIMEX, yanayotunza maelezo ya kuingiza na kutoa data, ndiyo yanayoharirika, kwa hiyo nakili faili kwanza.

Nikimaliza naziondoa tiki zote mbili. Orodha ikijaa MSys, majedwali yangu siyaoni.