USB-A bado haijamaliza kazi yake

Kila laptopu mpya inapotoka na matundu madogo ya USB-C peke yake, bila USB-A, lile tundu pana la mstatili la zamani, mabishano huwa yaleyale. Anayelalamika kwamba flashi, kipanya na printa yake havina pa kuchomekwa huambiwa ameachwa na wakati. Anunue adapta, yaishe. Wanaojibu hivyo wanadhani suala ni umbo la tundu tu, na ndiyo maana hoja ya walalamikaji haijasikilizwa vizuri.

Wanaotaka USB-A iondoke mara moja wana hoja nzito nao. USB-C, iliyotangazwa mwaka 2014, huingia upande wowote, ina pini 24, na imekusudiwa kuhimili kuchomekwa na kuchomolewa mara 10,000, wakati USB-A ya kawaida ilipangiwa mara 1,500. Tundu hilohilo linaweza kupitisha data, picha ya skrini na umeme, ambao tangu marekebisho ya 2021 unaweza kufika wati 240. Umoja wa Ulaya umelifanya kuwa lazima kwa simu, tableti na kamera mpya tangu tarehe 28 Desemba 2024, na laptopu zikapangiwa tarehe 28 Aprili 2026. Ila sheria hiyo inahusu kuchaji. Haimkatazi mtengenezaji kubakiza USB-A ubavuni mwa mashine.

Tofauti kubwa iko kwenye umeme. Tundu la USB-A kwenye kompyuta iliyowashwa kwa kawaida huwa na volti 5 muda wote, hata kama hakuna kilichochomekwa. La USB-C halitoi kitu. Husubiri hadi lione, kupitia mojawapo ya pini mbili ziitwazo CC, rezista (kipande kidogo kinachozuia umeme, kipimo chake ni omu) ya omu 5,100 iliyoungwa na upande wa hasi ndani ya kifaa. Likishaiona ndipo linafungulia volti 5, na mazungumzo ya chaja na kifaa kuhusu volti za juu, kama yapo, hufuata baadaye.

Sasa chukua tochi, spika ndogo au feni ya mezani ya bei nafuu. Mtengenezaji aliyebana gharama ameweka tundu la USB-C na kuziacha zile rezista. Kichomeke kifaa hicho kwenye chaja ya USB-C kwa waya wenye C pande zote mbili: kimya. Mwenye nacho anaamini betri imekufa. Kichomeke kwenye chaja ya zamani kwa waya wa A kwenda C, kinaanza kuchaji papo hapo, kwa sababu chaja ya A haisubiri kuona chochote. Kwa hiyo vipo vifaa vipya kabisa, vyenye tundu jipya, vinavyotegemea tundu la zamani ili vifanye kazi. Wanaosema adapta inatosha wako sahihi kwa sehemu: adapta yenye plagi ya C na tundu la A ina rezista yake ndani, kwa hiyo volti 5 zinatoka. Lakini angalia ilichofanya. Imerudisha tundu la A.

Anayejua kulehemu anaweza kuongeza rezista mwenyewe, moja kwa kila pini ya CC kwenda kwenye hasi. Asiziunganishe CC zote mbili kwenye rezista moja. Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bei nafuu, ilitoka mwaka 2019 na kosa hilohilo, na ilipotumiwa na waya wenye chipu ya utambulisho (inayoieleza chaja uwezo wa waya), chaja iliiona kama kifaa cha sauti na kukataa kuipa umeme. Ikiwa wahandisi wazoefu waliteleza hapo, mtengenezaji wa tochi hawezi kutegemewa kuliko wao.

Hatari iliyo kubwa zaidi iko kwenye waya unaounganisha kizazi kimoja na kingine. Waya wa A kwenda C unatakiwa kuwa na rezista ya omu 56,000 kati ya CC na waya wa volti 5. Thamani hiyo huiambia simu ijizuie, kwa kuwa tundu lililo upande wa pili linaweza kuwa la kawaida tu. Ukiwekewa omu 10,000, simu inasoma kwamba imeruhusiwa ampea 3. Tundu la USB 2.0 la kompyuta linahakikisha ampea 0.5, la USB 3.0 ampea 0.9. Simu inaweza kudai mara sita ya kiwango. Kompyuta yenye ulinzi mzuri hukata umeme. Isiyo nao hupata joto, na tundu au saketi yake inaweza kuungua. Kwa macho, nyaya hizo mbili hazitofautiani hata kidogo.

Adapta ya kinyume chake, yenye plagi ya A na tundu la C, hairuhusiwi kabisa na kanuni za USB, ingawa inauzwa kila mahali. Ukiwa nazo mbili na waya wa C kwenda C, unaweza kukutanisha matundu mawili ya A, volti 5 dhidi ya volti 5.

Watetezi wa kuhama haraka hupenda kutaja iMac ya mwaka 1998, iliyoacha matundu ya zamani ya Apple na kubaki na USB. Watengenezaji wa vifaa wakafuata, na pengine wasingefuata upesi hivyo kama wangeachiwa njia ya zamani. Nakubali. Lakini USB ya wakati ule ilikuwa na umbo jipya na uwezo unaotabirika. Leo waya wa C wa kuchajia simu unaweza kuishia megabiti 480 kwa sekunde, na mwingine unaofanana nao ukapitisha 40,000. Usio na chipu ya utambulisho huishia ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20, kwa hiyo laptopu ya wati 100 itachaji polepole na mtumiaji ataishuku chaja.

Plagi ya A ina unene wa milimita 4.5, na laptopu nyingi bado zinaweza kulibeba tundu lake. Libaki moja, au mawili, walau hadi tochi ya bei nafuu itoke kiwandani na rezista zake mbili. Kwa sasa, kifaa cha USB-C kikikataa kuchaji, kijaribu kwanza kwa waya wa A kwenda C kabla ya kukitupa.