Naxos Yenyewe Iko Mlimani

Mtu akiniambia amefika Naxos, kile kisiwa cha Ugiriki, namuuliza kwanza: ulipanda mlimani? Kama alishinda ufukweni Agios Prokopios akila pweza wa kuchoma, simlaumu, bahari ya pale ni nzuri kweli. Ila kwangu mimi, huyo bado hajafika.

Ugiriki tunayouziwa kwenye picha ni nyumba nyeupe pe na kuba za buluu. Panda basi kutoka Chora, mji mkuu wa kisiwa, mpite mizeituni ya bonde la Tragea, mpite Chalki na Filoti, mteremke Apeiranthos, kijiji kilichoegemea ubavu wa mlima Fanari. Pale rangi ni ya jiwe. Ngazi ni za marumaru, vichochoro ni vya marumaru, na nyayo za watu zimevisugua hadi vinateleza. Mvua ikinyesha tembea umeshika ukuta. Wanaume wa huku waliishi kwa kuchimba smirida, jiwe gumu la kusugulia vyuma, lililoshushwa hadi bandari ya Moutsouna likining'inia kwenye waya. Hapa pia ndipo alipozaliwa Manolis Glezos, ambaye Mei 1941 alipanda Acropolis, kile kilima cha mahekalu Athene, usiku pamoja na Apostolos Santas wakaiteremsha bendera ya Wanazi. Ukishaona ugumu wa mahali penyewe, hushangai.

Mimi nilifuata makanisa. Agia Kyriaki liko nje ya kijiji, linafikiwa kwa miguu. Ni dogo, la mawe, na kwa nje hulipi thamani yoyote. Lakini michoro yake ya kale, ambayo wataalamu huiweka karne ya 9, haina mtakatifu wala malaika. Kuna maumbo ya mistari, na kuna ndege waliofungwa utepe shingoni, wamejipanga kama wanasubiri kuitwa. Wengi huihusisha na ule ugomvi mkubwa wa Bizanti, dola ya Wakristo iliyotawala huku zamani, pale watawala walipopiga marufuku sanamu na picha takatifu, mpaka Malkia Theodora alipozirudisha mwaka 843. Ugomvi wa Konstantinopoli, mji mkuu wa dola hiyo, na alama yake iko huku kwenye njia ya mbuzi! Mwafrika Mashariki Mwothodoksi, tuseme aliyesoma seminari ya Riruta, Nairobi, ambayo Askofu Mkuu Makarios wa Kupro aliipigania, amezoea kuibusu ikoni, yaani picha takatifu, kila aingiapo kanisani. Humu angetafuta pa kubusu asipaone.

Panagia Drosiani, karibu na kijiji cha Moni, ni kinyume chake. Hili ni miongoni mwa makanisa ya zamani zaidi Ugiriki, na michoro yake ya mwanzo ni ya karne ya 7 hivi. Unaingia umeinama. Kwa muda huoni kitu, unasikia tu harufu ya nta na unyevu, kisha macho yanazoea na kuba inaanza kukutazama: Kristo wawili, bega kwa bega, mmoja kijana, mwingine mtu mzima. Maelezo ya wataalamu ni mengi. Nilichopenda ni kwamba mchoraji hakuona haja ya kuchagua mmoja.

Kuna wageni wanaolalamika kwamba makanisa mengi ya Naxos hufungwa, na kwamba yangewekewa tiketi na saa za kufungua kama makumbusho. Sikubaliani nao hata kidogo. Haya ni makanisa ya watu. Siku ya mtakatifu wake ikifika, kijiji huja kusali na kula pamoja. Mgeni kuulizia mlango wa mwenyeji ni adabu ya kawaida tu. Kwa hiyo ulizia ufunguo mkahawani siku moja kabla, vaa nguo ya heshima, na mwanga wa simu uzime, maana rangi hizo zimeshavumilia vya kutosha. Ukikosa ufunguo, nenda kanisa jingine: kisiwa hiki kina makanisa ya Kibizanti zaidi ya 100.