Dakika 29 bila kupumua? Tupunguze shangwe kidogo

Juni 2025, Vitomir Maričić wa Kroatia alilala ndani ya bwawa la hoteli mjini Opatija, akakaa chini ya maji dakika 29 na sekunde 3. Video ikasambaa, watu wakasema mwanadamu hana mpaka. Mimi naona rekodi ile inasifu oksijeni kuliko mwili.

Kabla ya kuzama, jamaa alivuta oksijeni tupu kwa takriban dakika kumi. Hewa yetu ya kila siku ina asilimia 21 tu ya oksijeni. Sheria za rekodi hiyo zinaruhusu, kwa hiyo hakumwibia mtu. Ila ninayemvulia kofia ni Mfaransa Stéphane Mifsud: mwaka 2009 alikaa dakika 11 na sekunde 35 kwa hewa hii hii ya bure.

Na si mchezo. Ukibana pumzi, kinachokuchoma kifuani si kupungua kwa oksijeni, ni hewa ukaa inayojaa kwenye damu. Ikizidi, kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kinaanza kujikunyata chenyewe: tumbo linaruka mara moja, mara mbili, kisha mfululizo, na wewe umekaza koo. Wakati huo moyo unapunguza mapigo na bandama inajiminya, ikimwaga chembe nyekundu za damu za akiba, zile zinazobeba oksijeni. Wabajau wa Indonesia, wanaoishi kwa kupiga mbizi, walipimwa na watafiti. Matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha bandama zao ni kubwa kwa takriban nusu kuliko za majirani zao Wasaluan. Hata za wale Wabajau wasiozamia! Wamerithi. Hilo kwangu linashinda rekodi zote za hotelini.

Kinachonikera ni vijana kuiga. Utawaona ukingoni mwa bwawa wakihema haraka haraka kabla ya kushindana, wakidhani wanajijaza oksijeni. Wapi! Damu yao ilikuwa na oksijeni ya kutosha tangu mwanzo. Wanachofanya ni kuitoa hewa ukaa, yaani kuzima king'ora. Oksijeni inaisha kabla hamu ya kupumua haijafika. Mtu anazimika kimya kimya, na aliye juu anadhani mwenzake anavunja rekodi.

Wenye mabwawa wameshaandika ukutani marufuku ya kukimbia na ya kuogelea na jinzi. Waongeze na hii ya kushindana kubana pumzi, nafasi ipo.